Historia ya Folda Moja Tupu

Nunua nafasi ya tovuti leo kwa kampuni yoyote ya bei nafuu, zile unazolipia kwa M-Pesa, kisha ufungue sehemu ya mafaili. Mara nyingi utakutana na folda yenye jina la ajabu: cgi-bin. Ukiibofya, ndani hamna kitu. Hakuna anayekueleza ni ya nini. Nimeona mafundi wazoefu wakiipita kama tunavyopita masanduku ya posta ya zamani, tunajua yapo lakini hatuna barua ya kupeleka.

Folda hiyo tupu iliwahi kuwa mlango mkuu. Katika miaka ya tisini, ukitaka tovuti ifanye kitu zaidi ya kuonyesha maandishi, yaani ipokee fomu, itafute neno, iuze bidhaa, ulipitia humo. Na lugha iliyosikika humo ndani mara nyingi ilikuwa Perl.

Leo ukitaja Perl kwa vijana wanaoandika programu, watakuambia ilikufa kwa sababu ina sura mbaya: alama za dola, mabano na nukta zimetapakaa kama mtu ameangusha kisanduku cha misumari. Stori hiyo nimeisikia mara nyingi na siikubali. Kwa maoni yangu Perl haikushindwa ndani ya nyumba. Ilishindwa mlangoni, katika ile kazi isiyo na sifa ya kuiseti seva ili ikubali kuiendesha. Ndiyo historia ninayotaka kuipiga hapa.

Tuanze na tatizo lenyewe. Tim Berners-Lee alipowasha seva ya kwanza ya wavuti pale CERN, karibu na Geneva, mwishoni mwa 1990, kazi yake ilifanana na ya karani wa masjala. Unaomba faili, karani anakwenda kwenye rafu, anakuletea. Basi. Hakuhitaji kufikiri. Lakini watu hawakukaa muda mrefu kabla ya kuanza kuuliza maswali ambayo majibu yake hayapo kwenye rafu. Ukimuuliza karani "nani katika ofisi hii ana jina linaloanzia na M," hana faili la kukuletea. Lazima ageuke nyuma, amwite mtu anayejua kutafuta, amweleze swali lako, asubiri jibu, kisha akuletee dirishani. Sasa yule mtu wa nyuma ni nani? Anaitwaje? Anaelezwa swali kwa lugha gani? Na je, anaruhusiwa kugusa nini humo ofisini?

Kufikia 1993 kila seva ilikuwa na jibu lake. Programu uliyoiandikia seva ya CERN haikuwa na uhakika wa kufanya kazi kwenye seva nyingine. Wakati huohuo, katika kituo cha NCSA kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana-Champaign, Marc Andreessen na Eric Bina walikuwa wametoa kivinjari cha Mosaic, na watu walianza kuingia kwenye wavuti kwa fujo. Katika kituo hichohicho, seva iliandikwa na mwanafunzi wa shahada ya kwanza aitwaye Rob McCool. Iliitwa NCSA HTTPd, na ndiyo iliyosambaa kuliko zote.

McCool na wenzake wachache walikubaliana kwa barua pepe namna moja ya karani kumwita mtu wa nyuma. Walikuwemo John Franks, George Phillips, Ari Luotonen aliyeshughulikia seva ya CERN, na Tony Sanders, ambaye seva yake, Plexus, ilikuwa yenyewe imeandikwa kwa Perl. Makubaliano hayo waliyaita CGI, ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya lango la pamoja. Hakuna kampuni iliyoyamiliki, hakuna serikali iliyoyatia muhuri. Jamaa watano, kila mmoja na seva yake au kazi yake, walisema: tufanye hivi. Na dunia ikafanya hivyo.

Kilichonivutia kwa CGI ni jinsi isivyodai mengi. Ombi likifika, seva inaanzisha programu yako. Kabla ya kuiamsha inaibandikia vibandiko vyenye majina na thamani, vinavyoitwa vigeu vya mazingira: REQUEST_METHOD kinasema mgeni ameomba kwa njia gani, QUERY_STRING kina maneno aliyoandika baada ya alama ya kuuliza, REMOTE_ADDR kina anwani ya kompyuta yake. Kama mgeni amejaza fomu ndefu, yaliyomo yanamiminwa kwenye mdomo wa programu, ile njia ya kawaida ambayo kila programu ya Unix husomea. Programu inafanya mambo yake, inachapisha jibu kwa njia ya kawaida ya kutolea, kisha inakufa. Ombi lingine likija, inazaliwa upya.

Hakuna mahali panaposema lugha iwe ipi. Ukiweza kusoma, kuchapisha na kutazama vigeu vya mazingira, karibu ndani. Na hapo ndipo Perl ilipopata nafasi yake.

Larry Wall alitoa toleo la kwanza la Perl tarehe 18 Desemba 1987. Alikuwa amesomea isimu. Yeye na mkewe waliingia masomo ya juu ya isimu pale Berkeley wakiwa na mpango wa kutafuta lugha isiyo na maandishi, pengine hapa Afrika, waitengenezee mfumo wa kuandika, kisha watafsiri vitabu kwa lugha hiyo, Biblia ikiwa mojawapo. Sababu za kiafya zikazuia. Aliishia kwenye kompyuta, na lugha aliyoiandikia mfumo wake ikawa ya mashine. Jina alilitoa kwenye neno la Kiingereza la lulu, akadondosha herufi moja kwa kuwa tayari kulikuwa na lugha ya kompyuta yenye jina hilo.

Perl ilitengenezwa kwa kazi ya kuchambua maandishi: soma faili refu, tafuta mistari fulani, toa ripoti. Sasa fikiria wavuti ni nini. Ni maandishi yanayokwenda na maandishi yanayorudi. Na kompyuta za vyuo na ofisi za wakati huo zilikuwa za kila aina, za Sun, za DEC, za HP, za Silicon Graphics. Programu ya C ilibidi uikompaili upya kwa kila aina. Skripti ya Perl uliibeba ilivyo, ukaiweka, ikaenda, mradi mkalimani wa Perl yupo kwenye mashine. Na mara nyingi alikuwepo tayari, kwa sababu wasimamizi wa mitambo walikuwa wameshaanza kumtumia kwa kazi zao za usiku.

Kwa hiyo lango lilikuwepo, na lugha ilikuwepo. Kilichobaki ni kumwambia karani: programu hii naiamini, iendeshe. Hapo ndipo kazi ilipo.

Kwenye Apache, ambayo nitaifikia hivi punde, ruhusa ya kwanza ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, ScriptAlias. Unasema: chochote kilicho ndani ya folda hii usikisome, kiendeshe. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Seva isiyojua kwamba faili ni programu itamkabidhi mgeni maandishi yake yote, pamoja na neno la siri la hifadhidata kama uliliandika humo. Ruhusa ya pili ni ya mfumo wa Unix wenyewe: chmod 755, yaani mwenye faili asome, aandike na aendeshe, wengine wasome na waendeshe tu. Ya tatu iko ndani ya faili, mstari wa kwanza kabisa, #!/usr/bin/perl, unaoonyesha mkalimani anakaa wapi. Kwenye mashine nyingine anakaa /usr/local/bin/perl, na ukikosea mtaa hakuna atakayefungua. Ya nne ni adabu ya kujibu: kabla ya neno lolote, programu lazima itangaze aina ya jibu, Content-type: text/html, kisha iache mstari mtupu. Ukisahau mstari huo mtupu, mgeni anaona hitilafu namba 500, na kwenye logi ya seva kunaandikwa kwamba vichwa vya jibu vimekatika kabla ya wakati.

Milango minne, na mgeni akigonga mmoja wao kwa namna isiyofaa mara nyingi jibu ni lilelile: 500. Halimwambii ni mlango upi.

Mimi niliijua milango hii kwa kibarua. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imeshinda nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kuandika makala na kurekebisha tovuti za watu. Perl niliisoma kwenye kitabu cha mitumba nilichonunua barabarani Nairobi, kile chenye picha ya ngamia kwenye jalada. Kitabu hicho kilitoka mara ya kwanza 1991, na tangu wakati huo ngamia amekuwa nembo ya lugha yenyewe. Kwetu Isiolo ngamia si picha. Hana urembo, ana harufu, ana kiburi, lakini ukimpakia mzigo utafika. Nadhani ndiyo maana sikuogopa sura ya Perl.

Kibarua chenyewe kilikuwa cha chama kimoja cha kusaidiana katika misiba. Wanachama wengine wako ughaibuni, na walikuwa wakijaza fomu kwenye tovuti kuandikisha warithi wao. Fomu hiyo iliendeshwa na skripti ya Perl iliyoandikwa na mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka vizuri. Tovuti ikahamishiwa seva mpya, fomu ikafa. Watu wakawa wanajaza majina ya watoto wao, wanabofya, wanapata 500. Nilipoitwa nilipita mlango baada ya mlango. Mipangilio sawa. Ruhusa sawa. Perl ipo palepale mstari wa kwanza uliposema ipo. Lakini logi ilisisitiza kwamba hakuna faili kama hilo.

Nikaliangalia faili kwa amri inayoonyesha hata herufi zisizoonekana. Mwisho wa kila mstari kulikuwa na alama ya ziada, ile ambayo Windows huweka na Unix haiitaki. Mtu alikuwa amelifungua faili kwenye Windows, akalihifadhi, akalirudisha. Kwa macho yetu mstari ulisomeka /usr/bin/perl. Kwa macho ya mfumo, jina lilikuwa na herufi moja zaidi, kwa hiyo ulikuwa unatafuta mkalimani ambaye hayupo. Nikaziondoa alama zile kwa amri moja, fomu ikarudi.

Mhazini wao, mama mmoja wa makamo, alikuwa ameketi kando akinitazama. Akauliza, "Sasa mwanangu, miezi hii yote hiyo kitu ilikuwa mgonjwa wa nini?"

"Haikuwa mgonjwa, mama. Jina liliandikwa vibaya kwa herufi moja ambayo haionekani."

Akacheka kidogo. "Kama kitambulisho changu," akasema. Akanitumia pesa yangu palepale.

Nimeieleza kazi hiyo kwa sababu inaonyesha tabia ya lango hili. Halina ubaguzi wa nani ameandika programu wala amesomea wapi. Lakini halisamehi hata herufi moja.

Turudi kwenye seva yenyewe. Katikati ya 1994 Rob McCool aliondoka NCSA, na seva yake ikabaki bila mwenyewe. Waliokuwa wakiitumia walianza kuirekebisha kila mtu kivyake. Februari 1995 wanane kati yao walikusanyika kwa barua pepe kuyaunganisha marekebisho yao: Brian Behlendorf, Roy Fielding, Rob Hartill, David Robinson, Cliff Skolnick, Randy Terbush, Robert Thau na Andrew Wilson. Aprili mwaka huo wakatoa toleo la kwanza la hadharani, na tarehe 1 Desemba 1995 likatoka toleo la 1.0. Jina lake, Apache, lilichaguliwa kwa heshima ya taifa la Waapache wa Marekani, lakini kwa Kiingereza linasikika pia kama kusema seva yenye viraka. Na viraka vilikuwepo kweli. Nyenzo iliyotumika enzi hizo kubandika marekebisho ya programu kwenye programu iliitwa patch, na aliyeiandika, mwaka 1985, ni Larry Wall yuleyule. Kabla Perl haijaingia kwenye seva ya viraka, baba yake alikuwa ametoa sindano.

Kufikia Aprili 1996 Apache ilikuwa imeipita seva ya NCSA na kuwa inayotumika zaidi kwenye Intaneti. Na kwa kuwa ilirithi mpangilio wa NCSA, ilirithi pia folda ya cgi-bin.

Walioingia kupitia mlango huo ni watu ambao, tuseme ukweli, hakuna kampuni ya programu ingewaita kwa mahojiano. Rob Hartill, mmoja wa wale wanane, alikuwa ameipeleka hifadhidata ya filamu kwenye wavuti kutoka Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales. Leo tunaijua kama IMDb. Pierre Omidyar aliandika tovuti ya mnada kwa Perl mwaka 1995, akiwa na kazi nyingine ya mshahara, na tovuti hiyo ikaja kuwa eBay. Lincoln Stein alikuwa mtaalamu wa jeni. Aliandika moduli ya CGI.pm iliyokupunguzia kazi ya kusoma fomu, na mwaka 1996 akaandika makala akieleza jinsi Perl ilivyouokoa mradi wa kusoma jenomu ya binadamu. Moduli yake ikaanza kusafiri pamoja na Perl yenyewe kuanzia 1997.

Kisha kuna Matt Wright. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari Marekani alipofungua, mwaka 1995, ghala la skripti za bure: kitabu cha wageni, kihesabio cha wageni, ubao wa majadiliano, na FormMail, iliyochukua fomu na kuituma kwa barua pepe. Watu wasiojua Perl hata kidogo walizipakua, wakabadilisha mistari miwili mitatu, wakaziweka kwenye cgi-bin. Kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuseti kitu kwenye seva kikaitika.

Lakini mlango ulio wazi kwako uko wazi kwa jirani pia. Matoleo ya awali ya FormMail yalimwamini mno mgeni: fomu yenyewe ndiyo iliyosema barua iende kwa nani. Wasambazaji wa barua taka wakagundua kwamba wanaweza kuandika anwani yoyote, na seva ya mtu mwingine ikawatumia barua zao kwa maelfu. Kundi la watumiaji wa Perl wa London likaja kuandika upya skripti zile kwa usalama zaidi, zenye matumizi yaleyale, ili watu wabadilishe bila kuvunja tovuti zao.

Perl yenyewe ilikuwa na dawa. Ukiongeza -T kwenye ule mstari wa kwanza, kila kitu kinachotoka nje kinahesabiwa kuwa najisi, na Perl inakataa kukitumia kwenye jambo la hatari, kama kufungua faili la kuandika au kuita programu nyingine, mpaka uwe umekikagua. Herufi mbili tu. Wengi hawakuziweka, kwa sababu skripti iliyokuwa ikienda iligoma.

Swali lingine lilikuwa: programu inaendeshwa kwa jina la nani? Kwenye seva inayotumiwa na wateja mia, zote ziliendeshwa kwa jina la seva. Ikimaanisha skripti yako inaweza kusoma mafaili ya jirani yako, na yake inaweza kusoma yako. Apache 1.2, iliyotoka Juni 1997, ilileta suEXEC, kitumishi kidogo kinachoifanya kila skripti iendeshwe kwa jina la mwenyewe. Kina masharti makali. Wateja waliochoshwa na 500 walikuwa wamezoea kuandika chmod 777, yaani kila mtu afanye anachotaka, ili mradi iende. suEXEC ikilikuta faili ambalo wengine wanaweza kuliandika, inakataa kuliendesha. Na mgeni anaona nini? 500. Dawa ya zamani ikawa ndiyo ugonjwa.

Halafu kulikuwa na kasi. Kumbuka programu ya CGI huzaliwa na kufa kwa kila ombi. Kwa Perl ina maana mkalimani anaamshwa, anaisoma skripti yote pamoja na moduli zake, anaitafsiri, anafanya kazi ya sekunde ndogo, anakufa. Wageni kumi kwa saa, hamna shida. Wageni mia kwa dakika, seva inakohoa.

Mwaka 1996 zilitoka njia mbili. FastCGI, kutoka kampuni ya Open Market, ilisema: usiiue programu, iache hai pembeni, uipelekee ombi moja baada ya jingine. Ile ya pili, mod_perl, iliyoanzwa na Gisle Aas na kukuzwa na Doug MacEachern, ilikwenda mbali zaidi: ilimwingiza mkalimani wa Perl ndani ya tumbo la Apache. Skripti ilitafsiriwa mara moja, ikabaki kwenye memori. Slashdot iliendeshwa hivyo. Kwa mwenye seva yake mwenyewe ilikuwa noma, kwa maana nzuri.

Kwa aliyepangisha kona ya seva, ilikuwa habari tu. Kampuni ya kupangisha haikuweza kuwapa wateja mia mod_perl kwenye Apache moja. Kigeu ambacho mteja mmoja amesahau kukisafisha kinabaki hai mpaka ombi linalofuata. Skripti moja mbaya inaweza kuwaangusha wote. Ukibadilisha moduli yako, mara nyingi lazima Apache yote iwashwe upya, na ufunguo huo unao msimamizi, wewe huna. Kwa hiyo tajiri alipata Perl ya kasi, na mlalahoi akaachiwa cgi-bin ya kukohoa.

Ni hapo ndipo PHP ilipopita. Rasmus Lerdorf aliitangaza 1995, na mwanzoni ilikuwa nayo kundi la programu za CGI za kusaidia ukurasa wake binafsi. Baadaye ikaingia ndani ya Apache kama moduli, lakini ikiwa na tabia ya kusahau: kila ombi likiisha, inafuta kila kitu. Hiyo ilimfaa mwenye kupangisha. Na kwa mteja, ile milango minne ikatoweka. Hakuna chmod, hakuna mstari wa kwanza, hakuna Content-type ya kukumbuka, hakuna folda maalum. Unaweka faili lenye mwisho wa .php popote, linaenda.

Ukitaka kuuona ushindi huo kwa macho, linganisha programu mbili za kublogu. Movable Type, ya Ben na Mena Trott, ilitoka 2001, imeandikwa kwa Perl. Kuiweka kulikuwa na maana ya kupakia mafaili kwenye cgi-bin, kuyapa ruhusa ya 755, kuhakikisha njia ya Perl, kuomba dua. WordPress ilitoka 2003, kwa PHP, ikajitangaza kwamba kuiweka ni dakika tano. Movable Type ilipobadilisha masharti ya leseni mwaka 2004, watu walikuwa tayari na pa kuhamia. Kweli leseni iliwaudhi. Lakini naamini wengi wao walikuwa wameshachoka na 500 zamani.

Ndiyo maana nasema Perl ilishindwa mlangoni. Mtoto wa sekondari wa 1995 aliyehimili milango minne hakuwa na njia nyingine. Mtoto wa 2004 alikuwa nayo, na alichagua kama ambavyo ningechagua mimi. Lugha inayokubali watu wote haina faida kubwa ikiwa mlango wake unafunguka tu kwa mwenye seva.

Lango lenyewe halikufa. Mwaka 2004 Igor Sysoev wa Urusi alitoa seva ya nginx, ambayo haijui CGI kabisa: ukitaka Perl, iendeshe pembeni, nginx itaipelekea maombi. Mwaka 2009 Tatsuhiko Miyagawa alileta PSGI, akiiga walichokuwa wamefanya watu wa Python na Ruby. Programu sasa ni fungu moja la maagizo linalopokea maelezo ya ombi na kurudisha vitu vitatu: namba ya hali, vichwa vya jibu, na jibu. Uitazame vizuri, ni makubaliano yaleyale ya 1993 yaliyovalishwa nguo mpya. Bado ina REQUEST_METHOD. Bado ina QUERY_STRING.

Mwaka 2014 uliikumbusha dunia kwamba mlango wa zamani bado una watu. Septemba ilitangazwa hitilafu ya Shellshock kwenye bash, programu inayopokea amri kwenye mifumo mingi. Bash ilikuwa ikivisoma vigeu vya mazingira, na kigeu kilichoandikwa kwa namna fulani kiliifanya itekeleze amri za mgeni. Na nani huchukua maneno ya mgeni na kuyabandika kwenye vigeu vya mazingira? CGI. Popote ambapo skripti ya cgi-bin iliita bash, mtu wa mbali aliweza kujiandikia amri kwenye jina la kivinjari chake. Wasimamizi walikesha wakitafuta skripti ambazo waliozisimika walishastaafu. Mwaka uliofuata, Perl 5.22 ilitoka bila CGI.pm ndani yake. Bado unaweza kuipakua, ila haisafiri tena na familia.

Na karatasi? Makubaliano yale ya jamaa watano hayakuwa na hati rasmi ya kuyaeleza mpaka Oktoba 2004, David Robinson na Ken Coar wa Apache walipoyaandika kama RFC 3875. Miaka kumi na moja baada ya kazi kuanza. Wakati huo mnada ulikuwa umeshakuwa kampuni ya mabilioni, jenomu ilikuwa imeshasomwa. Na hata hati yenyewe, ukiisoma mwanzoni, inasema wazi kwamba ni ya kutoa taarifa tu, si kiwango cha Intaneti cha aina yoyote.

Huwa naifikiria hati hiyo mtu anaponiuliza nilimaliza chuo gani. Kisha narudi kazini. Fomu ya chama cha misiba bado inaendeshwa na cgi-bin. Inapata wageni wachache kwa wiki, na kwa kazi hiyo kuzaliwa na kufa kwa kila ombi hakuna hasara. Niliongeza -T kwenye mstari wa kwanza, nikakagua kila kisanduku cha fomu mpaka Perl ikaridhika, nikaacha faili kwenye 755.